Bado Hujafa Tu?

Gari ninaloendesha sasa lina mtindo mmoja. Simu ikiita, jina la anayepiga linatokea kwenye kioo kidogo pale katikati, unabonyeza, na sauti yake inajaa spika zote kama vile yumo ndani, amekaa kiti cha nyuma. Mtaani kwetu hapa Korogwe nilikuwa wa kwanza kuwa na gari la namna hiyo, na sikuona sababu ya kuficha. Mtu aliyeacha shule darasa la nne, akaanza maisha kwa kupakia mahindi ya watu kule Handeni, gunia mgongoni, leo ana malori yake na mashine yake ya kusaga na shamba lake la machungwa, kwa nini aongee na simu kwa kunong'ona? Mimi nilikuwa nashusha vioo ndipo napokea.

Ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa tunatoka shambani upande wa Mkata, mimi na binti yangu wa kidato cha tatu. Ndiye mtoto wangu wa mwisho. Wakubwa wameshaoa na kuolewa, kwa hiyo huyu ndiye ninayesafiri naye, na ndiye peke yake katika nyumba yangu anayethubutu kuniambia kwamba naendesha vibaya. Tulipofika Segera nikasimama. Pale njia zinapokutana ukisimama tu wanakujia: wa mahindi ya kuchoma, wa mayai, wa karanga, wa maji. Binti akataka mahindi. Akatoa kichwa dirishani anachagua, anabishana na mama mmoja kwamba lile limeungua upande.

"Halijaungua hilo, mwanangu," yule mama akamwambia. "Hilo limepigwa jua kama mimi. Mbona mimi mume wangu hajanirudisha?"

Watu wakacheka. Ndipo simu ikaita. Kwenye kioo likatokea jina: MTANI.

Nikabonyeza. Sikusubiri haloo, maana sisi wawili hatukuwa na haloo.

"Bado hujafa tu?" nikasema kwa nguvu. "Sanda nimeinunua mpaka inaliwa na panya ndani, wewe bado unamaliza hewa ya watu! Kufa bwana, tule pilau!"

Wauzaji wakaangua kicheko. Binti yangu naye akacheka, na kicheko chake ni kikubwa, amekirithi kwangu. Akadakia, mdomo umejaa mahindi, "Tule pilauuu!"

Spika zikakaa kimya. Nikadhani mtandao. Nikasema, "Vipi, umeshakufa?"

Ikatoka sauti ambayo haikuwa yake. Sauti ndogo, ya mtoto wa kike, imetulia kabisa, haina kilio ndani yake.

"Baba amekufa," ikasema. "Sasa hivi. Mama amesema nipigie watu."

Ikakatika.

Kati ya wale wauzaji kulikuwa na mmoja upande wa nyuma wa gari ambaye hakusikia. Yeye aliendelea kucheka peke yake. Kicheko chake kile bado ninacho masikioni. Yule mama wa mahindi alikuwa amenyoosha mkono apokee hela yake, akaurudisha taratibu, akaufuta kwenye kanga, akasema, "Nendeni tu, baba. Nendeni." Binti yangu alikuwa ameshika hindi mbele ya mdomo. Halikwenda mdomoni, wala halikushuka.

Ile sauti tuliijua wote wawili. Ni ya binti wa mtani, rafiki wa binti yangu. Wamekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, wakapanda pamoja sekondari, huyu analala kwetu, wa kwetu analala kwao. Kuna siku mke wangu aliwahesabia sahani chakula cha mchana, ndipo akagundua kwamba mmoja hakumzaa yeye.

Lazima nieleze mtani ni nani, maana vijana wa sasa wanadhani mtani ni mshabiki wa timu nyingine ya mpira. Mimi ni Mzigua wa Handeni. Marehemu alikuwa Mnyamwezi, lakini Mnyamwezi wa hapahapa. Babu yake aliletwa kukata mkonge kwenye mashamba ya Korogwe, hakurudi kwao, akazaa hapa, akazikwa hapa. Mzigua na Mnyamwezi wametaniana tangu enzi za mababu, wale waliokuwa wakipita nchi yetu kwa miguu na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani anakutukana na huna ruhusa ya kununa. Anaingia jikoni kwako anafunua sufuria. Na ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kukuharibia msiba. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anaingia kaburini anasema hapa ni pazuri mno, huyu hapastahili, nizikwe mimi. Anafanya hivyo mpaka mfiwa acheke, na akishacheka ndipo kilio kinamtoka vizuri. Ile ni kazi, na si kila mtu anaiweza. Mimi naiweza. Kuanzia Mombo mpaka Handeni mjini, akifa Mnyamwezi nilikuwa natafutwa mimi. Nimeshawahi kuchekesha mjane aliyekuwa amezimia.

Mtani wangu huyu alikuwa fundi wa kuchomelea. Bodi za malori yangu yote aliziunda yeye, na ukiona lori langu barabarani unalijua kabla hujasoma namba, kwa vile mbavu zake zilivyonyooka. Mtu mfupi, mnene wa kifua, mguu wa kushoto ulikuwa na kasoro kidogo, akitembea ungedhani kila hatua anampiga teke kuku. Kila asubuhi nilipita karakana yake. Mmoja wetu anauliza, "Bado hujafa tu?" Mwingine anajibu, "Nangoja nikuzike wewe kwanza." Ndiyo ilikuwa shikamoo yetu na ndiyo ilikuwa marahaba. Tukishamaliza hapo ndipo tunaulizana habari za watoto.

Na watoto wakaiga. Asubuhi yule binti wa mtani akija getini kwangu kumpitia mwenzake waende shule, huyu wa ndani anapiga kelele, "Bado hujafa tu?" na yule wa nje anajibu, "Nangoja nikuzike wewe kwanza!" wanagonganisha viganja, wanaondoka. Mke wangu alikuwa hapendi.

"Baba watoto, mnawafundisha watoto kuchezea kifo," aliniambia.

Nikamjibu, "Mama watoto, kifo chenyewe kinatuogopa sisi."

Basi. Kutoka Segera nikaondoa gari. Sikumbuki barabara. Nakumbuka kwamba vioo vilikuwa wazi na sikuvipandisha, upepo ukawa unapiga makelele humo ndani, na binti yangu ameshika lile hindi. Tulikuwa tumeshakwenda kipande kizuri ndipo akauliza.

"Baba, amenisikia?"

"Nani?"

"Baba! Si yeye aliyepiga?"

"Hajakusikia," nikasema. "Hii spika inachukua sauti ya dereva peke yake. Ya pembeni haiendi. Wameitengeneza hivyo."

Hilo nililitunga palepale, kwenye usukani, na nilitunga vizuri. Mtu mwingine angeamini. Yeye alinitazama tu upande wa uso mpaka nikahisi shavu linapata moto.

Tulipofika kwa marehemu, watu walikuwa wanaanza kujaa. Turubai lilikuwa bado halijafungwa, wanaume wanasimamisha nguzo, wanawake wanaingia na mikeka. Nikaambiwa kwa kifupi: alikuwa anachomelea geti la mtu, akasema anasikia joto, akakaa kwenye ndoo aliyoipindua, akaomba maji. Maji yalipofika hakuyapokea. Wakasema presha. Mimi nilikuwa nasikia maneno hayo na huku natafuta kwa macho ile ndoo, kama vile nikiiona nitaelewa. Jana yake tu, Ijumaa, alinifokea kwamba dereva wangu amempindishia mlango wa lori. Mtu aliyefoka namna ile jana anakufaje leo kwa kukaa kwenye ndoo? Nilikuwa nauliza hilo kwa sauti, nikimuuliza kila anayepita. Mwishowe jirani mmoja akanishika mkono akanikalisha.

Binti yangu hakushuka kwenye gari.

"Shuka ukampe pole mwenzio," nikamwambia dirishani.

"Pole kwa mdomo gani? Huuhuu?"

"Nimeshakwambia hakusikia."

"Nirudishe nyumbani, baba."

Nikamrudisha. Lile hindi nililikuta baadaye chini ya kiti, limekauka. Hakuling'ata tena.

Tulizika Jumapili baada ya adhuhuri. Hapa ndipo watu wa Korogwe wanaponishangaa mpaka leo. Mimi kama mtani nilikuwa nimeshachukua haki yangu: miwani yake ya kuchomelea, ile myeusi ya mpira, niliitoa kwenye msumari karakanani na hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nayo mfukoni. Mpango ulikuwa wazi. Ningeivaa pale makaburini, ningetembea kwa ule mguu wake wa kupiga kuku, ningemwambia shehe kwamba huyu fundi kaburi lake halijanyooka, lifumuliwe, alichomelee upya mwenyewe. Wazigua wenzangu wawili walikuwa wamesimama karibu, wananingoja nianze ili na wao wadakie.

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Si kwamba nilikuwa nalia. Sikuwa nalia. Nilikuwa nimekauka tu, kama mashine iliyokatiwa umeme, jiwe linasimama na mahindi yamo. Nikasogea mpaka ukingoni, nikamwona wanavyomlaza, nikasikia sauti ndani ya kichwa changu ikisema vipi, umeshakufa? na ikanijia ile ya pili, ile ndogo, ikinijibu. Kila nilipoanza neno ile sauti ndogo inajibu kwanza.

"Mzigua," mzee mmoja akaniambia, "leo vipi? Umemeza ulimi?"

Dua ikasomwa. Tukafukia. Nikarudi na miwani mfukoni.

Nyumbani kwa marehemu mjane alikuwa ndani, ameshaanza eda, akaniongelesha kwa nyuma ya pazia la mlango. "Mtani," akasema, "nimeambiwa umemzika mwenzio kimyakimya, kama mtu baki."

Nikasema, "Nisamehe, shemeji."

"Shemeji? Leo nimekuwa shemeji? Si ulikuwa ukiniita mke wako mdogo?"

Wanawake waliokuwa naye wakatulia, wananingoja nijibu. Mimi nikaangalia chini. Pale kizingitini, mbele ya pazia, alikuwa amekaa yule binti yake. Amekunja miguu kwenye mkeka, macho makavu, simu ya baba yake ameishika kwa mikono miwili. Shangazi yake mmoja akanisogelea akaninong'oneza, "Huyu tangu jana hajalia. Hata tone. Tunaogopa." Yule mtoto akainua uso.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwenzangu yuko wapi?"

"Anaumwa kichwa," nikasema.

Akarudisha macho kwenye simu.

Sasa kwangu nako. Huyu wa kwangu alikuwa anajifungia. Jumatatu hakwenda shule. Chakula anachezea na kijiko. Lakini kilichonishtua hasa ni asubuhi ile ya Jumatatu, nilipofungua mlango wa chumba changu nikamkuta amesimama nje ya mlango, sikio limeelekea ubaoni.

"Unafanya nini hapa?"

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Kama unapumua."

Nikacheka, nikajipiga kifua. Nikamwambia mimi baba yako ni chuma, gunia la mahindi nalibeba mpaka leo, vijana wa mashineni wananionea aibu, sijawahi kulala hospitali, hata malaria ikiniona inageuza njia. Na ni kweli yote hayo, sikumdanganya hata moja.

"Na yeye alikuwa anabeba chuma," akasema. "Chuma chenyewe."

Nikashusha mkono kutoka kifuani.

"Yale maneno ndiyo yamemuua," akaendelea. "Kila siku mnaambiana mfe. Na sisi tunaambiana. Ijumaa mimi nilimwambia mwenzangu pale getini, nikamwambia bado hujafa tu, na baba yake kesho yake ndiye akafa. Na wewe yeye alikuwa anakwambia. Kila siku alikuwa anakwambia ufe. Sasa wewe zamu yako lini?"

Nikamweleza utani. Nikaeleza mababu, nikaeleza mizigo ya pwani, nikaeleza kwamba watu wameambiana hivyo miaka na miaka na wengi wakafa wazee hawana jino. Alinisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza mwalimu asiyemwamini. Nikaona maneno hayasaidii, nikaenda kwenye kile ninachokiweza. Nilinunua ng'ombe mzima kwa Wamasai wa kule Handeni, dume la maana, nikalipeleka msibani kwa lori langu mwenyewe kwa ajili ya siku ya kuanua matanga. Nikapeleka mchele, mafuta, viti. Hakuna mtu msibani pale aliyetoa kama nilivyotoa mimi. Jioni nikarudi kumwambia binti yangu, nikidhani atafarijika.

"Nimewapelekea ng'ombe," nikasema.

"Wa nini?"

"Wa kesho. Watu wale."

"Wa pilau?"

Aliuliza hivyo tu. Mke wangu alikuwa anamenya vitunguu, kisu kikasimama. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na funguo za lori mkononi, na ile kauli yangu ya Segera ikanirudia nzima nzima, na kicheko cha yule muuzaji wa nyuma.

Binti alipokwenda chumbani mke wangu akaniambia, bila kuinua macho kutoka kwenye vitunguu, "Mtoto haogopi msiba, baba watoto. Anaogopa kwamba alisikika. Na wewe umemwambia uongo ambao hata mimi nisiyepanda gari hilo nisingeuamini."

Jumanne nikamwambia binti avae, twende. Nilitegemea ubishi. Akavaa. Akafunga kitambaa kichwani, akapanda gari, akakaa. Nikasema moyoni, haya, mambo yamekwisha. Tulipofika kona ya mwisho kabla ya nyumba ya marehemu, pale penye duka la simenti, akasema, "Simama hapa." Nikasimama. Tulikuwa tunauona moshi wa majungu na kona ya turubai.

"Siwezi," akasema.

Nikazima injini. Mimi nimekaa na wafanyabiashara wa Dar es Salaam, wenye vitambi na elimu zao, nikawashinda kwa mdomo. Nimesimama mbele ya mkuu wa kituo cha polisi nikajieleza mpaka akanipa kiti. Lakini pale kwa mtoto wangu mwenyewe nikawa natafuta neno na silipati. Mwishowe nikasema lililokuwepo.

"Ile spika inapeleka sauti zote. Ya dereva na ya pembeni na ya nje. Alikusikia."

"Najua," akasema. "Nilijua palepale."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unajitahidi."

Miwani ya marehemu ilikuwa juu ya dashibodi, tangu Jumapili nilikuwa nimeitupa pale kwa sababu sikutaka kuiingiza ndani kwangu. Akaitazama, hakuishika. Na mimi, sijui nini kilinituma. Kila siku saa kama zile za asubuhi mkono wangu huwa unakwenda kwenye kile kioo kumpigia, kama sijapita karakana. Mkono ukaenda wenyewe. Nikashtukia nimeshabonyeza, jina limewaka, MTANI, na simu inaita kwenye spika zote.

"Baba unafanya nini?" Akanirukia mkono. "Kata! Baba, kata!"

Ikapokelewa.

Tukasikia msiba kwa ndani: masufuria yanagongana, mwanamke mmoja anaomba chumvi, mtoto analia mbali. Halafu pumzi, karibu kabisa na simu. Binti yangu alikuwa bado ameshika mkono wangu, kucha zimeingia. Hakuna aliyesema haloo.

"Bado hujafa tu?" ile sauti ndogo ikauliza.

Wallahi mimi mtu mzima nilitazama kiti cha nyuma. Aliitamka kama baba yake, ile "tu" ya mwisho ameivuta na kuipandisha, vilevile.

Ningejibu nini? Nikasikia pembeni yangu pumzi inavutwa, na binti yangu, uso umelowa, akasema, "Nangoja... nangoja nikuzike..."

Akashindwa.

"Wewe kwanza," yule mwingine akamalizia.

Sufuria likagongwa.

"Nilikusikia ukicheka," sauti ikasema.

"Nisamehe."

"Nilipigia kwenu kwanza. Kabla ya baba mkubwa, kabla ya mtu yeyote. Mama alisema nianze na baba mkubwa, mimi nikaanza na nyie."

"Kwa nini?" binti yangu akauliza.

"Si jina la baba lingetokea? Nilijua baba yako akiliona atamsemesha yeye. Hatajua bado. Nilitaka asemeshwe kidogo tena. Akamsemesha. Akamwambia afe. Na wewe ukasema pilau. Nikasikia kama yupo, kama ameshika simu mwenyewe anawacheka. Nilikuwa nataka msinyamaze. Halafu ikabidi niseme."

Mimi nilikuwa nimeuma ngumi.

"Sasa pilau imeiva," akasema. "Na ng'ombe wenu ni mgumu, watu wanalalamika. Unakuja au huji?"

"Nakuja," binti yangu akasema.

Akafungua mlango. Alikuwa ameshashusha mguu mmoja chini, akarudi, akanyoosha mkono juu ya dashibodi akachukua ile miwani. Hakuniomba. Akaenda. Nami nikashuka nikamfuata kwa nyuma, nikiita kwa sauti ya chini, "Wewe! Wewe! Unakwenda kufanya nini na hiyo?" maana mimi kazi ile sikumfundisha mtoto yeyote, na ni kazi inayoweza kukuharibikia ukaonekana mwendawazimu mbele ya watu. Akapita wanaume chini ya turubai bila kusalimia. Akapita majungu. Alipofika upande wa wanawake akasimama, akavaa miwani, akauvuta mpira wake nyuma ya kitambaa.

Kisha akatembea. Mguu wa kushoto ukatoka pembeni, teke, ukarudi. Hatua, teke. Hatua, teke. Kifua mbele, mkono mmoja nyuma kiunoni, kama yule bwana alivyokuwa akija kukagua kazi ya mtu na kuikuta mbaya. Mwanamke aliyekuwa anapakua akabaki na mwiko hewani, wali unadondoka. Wanawake wakatazamana kwa hofu, mimi nikasema basi, leo tumeaibika, watatufukuza. Akaendelea mpaka kizingitini, akasimama mbele ya mwenzake aliyekaa kwenye mkeka, akainama akautazama mlango juu mpaka chini.

"Nani amefunga bawaba hizi?" akasema kwa sauti nzito. "Mzigua? Zimepinda!"

Yule mtoto alimtazama. Kwanza mdomo ulifunguka na haukutoa kitu, kama wangu kule makaburini. Halafu akacheka, cheko moja, kubwa, la kupasuka, na katikati ya lile cheko sauti ikageuka, na kilio kilichotoka hapo sijawahi kukisikia kwa mtoto. Wakaangukiana pale kizingitini, miwani ikaenda upande. Nyuma ya pazia nikamsikia mjane akisema, "Watani wameingia! Jamani, watani wameingia," naye akalia, shangazi mmoja akachukua mfuniko akaugonga kwa mwiko, kilio kikapokelewa na upande mzima.

Mimi sikuingia. Nasema ukweli, mimi bingwa wa kazi ile kuanzia Mombo mpaka Handeni, nilisimama pembeni kama mtu baki. Wanaume chini ya turubai walikuwa wananitazama. Mmoja akauliza, "Yule ni binti yako?" nikaitikia kwa kichwa. Nikageuka nikarudi kwenye gari, nikakaa, nikashika usukani bila kuwasha.

Kwenye kioo jina lilikuwa bado linawaka. MTANI. Hakuna aliyekata. Simu ile nadhani ilikuwa chini ya mkeka, au kati yao wawili, na kwenye spika zote nikawasikia, karibu mno, kama wamekaa kiti cha nyuma, wanalia na kuvuta makamasi, mmoja anasema kitu na mwingine anasema hata mimi. Wapita njia walianza kugeuza shingo.

Nikapandisha vioo.